Yusufu kabla ya ikulu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imenijia kupitia riwaya, naomba mnivumilie kidogo maana Neno limo humo humo. Nimemaliza kusoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel mwaka 2021. Kwa Kiingereza kilitoka 1994, halafu 2022 Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili, na tangu nimekimaliza kila nikishika Biblia najikuta nipo Mwanzo 37.

Hadithi ni ya enzi za Mjerumani, kabla ya vita ya 1914. Mtoto anaitwa Yusuf, ana miaka 12, baba yake ana hoteli kwenye kamji kaliochangamka wakati reli inajengwa halafu kakadorora. Kuna tajiri wa pwani anaitwa Aziz, mwenye misafara ya kwenda bara, kila akipita kwao anamwachia mtoto sarafu ya anna kumi, na mtoto anamuona ni ndugu kabisa, anamsubiri kwa hamu. Siku moja anaambiwa leo unasafiri naye, basi wanapanda treni, na hakuna anayemweleza kitu. Anakuja kuelezwa huko huko pwani na Khalil, kijana wa dukani anayelala naye nje barazani usiku na mbwa wa mtaani wanawazunguka: yule si ndugu yako, baba yako anadaiwa, wewe umewekwa rehani. Na Khalil mwenyewe yupo pale kwa deni la baba yake.

Jamani, sarafu ile. Nilirudi nyuma kusoma tena zile kurasa za mwanzo, na kila anna kumi ikanichoma.

Huyu ni Yusufu wetu tunayemjua, Gurnah amemfuata karibu hatua kwa hatua (na ndugu zetu Waislamu wana sura nzima yake, ya 12), hadi mke wa tajiri kumtamani kijana na shati kuchanika mgongoni anapokimbia. Ila Farao hayupo. Hakuna ndoto ya kufasiri, hakuna ghala la nafaka, hakuna pete ya mfalme. Mwishoni wanapita askari wa Mjerumani wakikamata watu kwa nguvu, na Yusuf anawakimbilia mwenyewe. Nilikasirika kwa kweli, maana kurasa zote zile nilikuwa nangoja ikulu.

Na sisi kanisani ndivyo tunavyomhubiri Yusufu, kutoka shimoni mpaka ikulu, dakika mbili za shimo na saa nzima ya ikulu. Lakini angalieni Biblia yenyewe inavyokwenda taratibu. Ana miaka 17 anapouzwa kwa vipande 20 vya fedha, ana 30 anaposimama mbele ya Farao, na humo katikati kuna nyumba ya Potifa, kuna gereza, kuna mnyweshaji aliyemsahau akaongeza miaka miwili mizima. Halafu kuna kitu nilikuwa sijakiona hadi riwaya hii iniguse: sura ya 37 haituambii Yusufu alisema nini alipokuwa shimoni, inatuambia tu kaka zake waliketi wakala chakula. Kilio chake tunakisikia sura ya 42 mstari wa 21, miaka mingi imepita, wao wenyewe wanakumbushana kwamba aliwasihi nao wasisikie. Kumbe muda wote walipokuwa wanakula alikuwa analia.

Ndiyo maana ule mstari tunaoupenda, Mwanzo 50:20, kwamba mlinikusudia mabaya bali Mungu aliyakusudia kuwa mema, ni wa Yusufu kuusema. Yuda hakuusema. Reubeni hakuusema. Hakuna kaka hata mmoja aliyesimama akasema tulikuuza lakini si umeona Mungu alivyotenda. Aliyeumia ndiye aliyefika mahali pa kutamka hivyo, kwa machozi yake, kwa muda wake.

Sasa nafikiria mabinti wanaoletwa mjini wakiwa na umri wa Yusuf yule, wamechukuliwa kijijini kwa ahadi ya shule na zawadi ya gauni, wanaambiwa wanakwenda kwa shangazi, kumbe wanakwenda kulea watoto wa mtu na mshahara unatumwa kwa wazazi kama unatumwa. Tukiulizwa tunasema hata hivyo huku anakula vizuri, Mungu ana mpango naye. Inawezekana kabisa anao. Lakini aulizwe yeye, kwa utulivu, wala si mbele ya mama mwenye nyumba. Kwenye kitabu kuna Mzee Hamdani, mtunza bustani, alipewa uhuru akaukataa, akauliza nani kawaambia hao kwamba uhuru wake ni wao wa kumpa. Nilikaa na swali hilo siku nzima.

Kwa hiyo kwenye ushirika wa wiki hii naomba tusome Mwanzo 42 yote, polepole, mtu mmoja asome mstari wa 21 hadi 24 kwa sauti halafu tukae kimya kidogo kabla ya yeyote kuomba. Pale Yusufu anawasikia kwa lugha ya kwao na wao wanadhani haelewi kwa kuwa mkalimani yupo katikati. Na mwenye binti wa kazi nyumbani aje naye, asimwache jikoni. Kitabu changu nakiazimisha, anayekitaka aniambie.