Anza na Kengele: Kutunga Hadithi ya Upelelezi ya Shule ya Bweni

Mtunzi anayewaandikia watoto wa miaka 9 hadi 12 asianze na mpelelezi. Aanze na kengele. Andika ratiba ya siku ya wizi, kuanzia kuamka saa 11 alfajiri hadi taa kuzimwa saa 3:30 usiku, bila kusahau michezo, chakula cha jioni na masomo ya usiku. Halafu chora jedwali: saa ubavuni, majina ya washukiwa juu. Wanne au watano wanatosha. Wakizidi, mtoto anaanza kurudi nyuma kutafuta nani ni nani. Katika kila kisanduku jaza mambo matatu: alikuwa wapi, nani alimwona, na yeye mwenyewe anadai alikuwa wapi. Mwizi ni yule ambaye dai lake linapishana na ukweli kwa dakika 10 tu. Uongo wa saa nzima hauwezekani bwenini, kwa sababu kiranja anahesabu watu.

Kitu kilichopotea kiwe kidogo, na kiwe kinauma: nauli ya kwenda nyumbani, kwa mfano, iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati. Kufuli halijaguswa. Je, pesa zilitokaje? Masanduku mengine huwa na bawaba zinazoshikwa na pini ya waya; ukiivuta kwa koleo, kifuniko kinafunguka kwa nyuma huku kufuli likining'inia palepale. Kidokezo ni rangi iliyochubuka kwenye bawaba. Kitaje mapema, sura ya pili, katikati ya sentensi inayozungumzia jambo jingine: sanduku lina mchubuko, soksi zimeanikwa juu yake, matroni anafoka. Kikitokea mara ya kwanza kwenye sura ya mwisho, msomaji amedhulumiwa, na watoto hawasahau dhuluma ya namna hiyo.

Nairobi yenyewe ina vidokezo vyake. Kabete na Karen udongo ni mwekundu. Embakasi ni ule mweusi unaonata kwenye soli kama ulimbo. Mwanafunzi aliyeomba ruhusa kwenda kwao Kabete akarudi na viatu vyenye tope jeusi ana maswali ya kujibu. Lakini tope linataka mvua, kwa hiyo weka kisa Aprili au Novemba. Agosti utapata vumbi tu. Giza nalo lina ratiba: mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni hivi, na giza huingia upesi. Shahidi anayedai aliona rangi ya sweta nyuma ya bwalo saa 1:30 usiku, umeme ukiwa umepotea, anadanganya au anakisia.

Simu zimepigwa marufuku katika shule nyingi za bweni nchini, na hiyo ni bahati kubwa kwa mtunzi: habari lazima itembee kwa miguu. Mahali miswada mingi huharibikia ni kwa watu wazima. Naibu mwalimu mkuu akiwaita wote na kuwabana, kisa kimekwisha. Mpe sababu ya kweli ya kutofanya hivyo. Labda ameshampata mtu asiye na hatia na anaamini kazi imeisha.

Mswada ukikamilika, wape watoto 5 wausome mpaka sura ya kabla ya mwisho, kila mmoja aandike jina la mwizi na sababu. Wote wakipatia, kidokezo kimoja kinapiga kelele. Asipopatia hata mmoja, rudi kwenye jedwali.