Mstari wa Sonara

Istilahi za fasihi nilizijua kama wimbo. Mandhari, msuko, mgogoro, taharuki, kinaya, taashira: ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia fasili zake kwa Kiingereza bila kuruka hata koma. Mitihani ya mwalimu wetu wa kwanza haikutaka zaidi ya hapo. Maneno upande huu, fasili upande ule, chora mstari uoanishe. Mpaka leo sijui mtihani wa namna ile unampima nani.

Katikati ya mwaka, tukiwa darasa la saba, akaja mwalimu mwingine wa Kiingereza. Akagawa karatasi zilizobanwa pini: hadithi fupi ya Mfaransa Guy de Maupassant, "The Necklace", iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1884. Ukurasa wa mwisho haukuwamo. Tulidhani fotokopi imeumeza, kumbe mwenyewe ameuficha kwenye droo.

Kwa ambaye hajaisoma (na kama unapanga kuisoma, ishia hapa), kisa ni hiki. Mathilde Loisel ni mke wa karani wa wizara, naye anaamini kabisa kwamba alizaliwa kwa ajili ya anasa. Wanaalikwa dhifa. Anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, Bi. Forestier, anang'ara usiku kucha, na wanaporudi nyumbani shingo iko tupu. Mume anatoka kurudia njia yote waliyopita, hola. Wananunua mwingine wa kufanana nao kwa faranga 36,000, nusu ikiwa urithi wa mume na nusu mikopo. Kisha miaka 10 ya kulipa: mtumishi anaachishwa kazi, wanahamia chumba cha darini, Mathilde anasugua masufuria yenye mafuta mpaka kucha zinaharibika. Karatasi zetu zilikatikia Champs-Élysées, barabara maarufu ya Paris, pale Mathilde, aliyezeeka kabla ya wakati, anapomwona Bi. Forestier na kuamua kumweleza yote.

"Itaishaje?" mwalimu akauliza. "Sitaki mbahatishe. Nionyesheni mstari."

Watu wakabahatisha vilevile. Atasamehewa. Atashtakiwa. Mkufu wa zamani utaokotwa. Kwa kila jibu mwalimu alirudia lilelile, mstari uko wapi, mpaka darasa likaanza kuchoka naye.

Kulikuwa na msichana wa dawati la dirishani ambaye tangu mwaka uanze hatukuwa tumesikia sauti yake sana. Akanyoosha mkono nusu.

"Mwalimu, kuna hapa kwa sonara."

Akasoma. Wenye mkufu uliopotea walikwenda kwa sonara ambaye jina lake liliandikwa ndani ya kasha. Sonara akapekua vitabu vyake, akawaambia si yeye aliyeuza mkufu ule. Lazima alitoa kasha tu. Sote tulikuwa tumeusoma mstari huo na kuupita.

"Sasa almasi za kweli," akasema polepole, "zinakaaje kwenye kasha la duka jingine?"

Mwalimu hakusema kitu. Alivuta droo, akatoa kurasa za mwisho na kuanza kuzigawa kwa kuanzia dawati lile. Mkufu ulikuwa wa bandia. Thamani yake haikuzidi faranga 500.

Kelele zilizofuata zilimleta mwalimu wa darasa jirani mlangoni. Zilipotulia ndipo chaki ikagusa ubao, ikaandika kidokezo. Neno hilo nilikuwa nimelikariri tangu muhula wa kwanza, lakini siku ile lilikuwa na kasha, sonara na vitabu vyake vya hesabu. Chini yake akaandika kinaya, akatutaka tuangalie uso wa Mathilde muda mfupi kabla hajaambiwa ukweli. Anatabasamu. Anajivunia kwamba rafiki yake hakugundua tofauti ya mikufu miwili. Fasili yangu ilisema kinaya ni jambo kwenda kinyume na matarajio, na ni kweli, lakini fasili haina tabasamu.

Dhamira ndiyo iliyotutoa jasho. Tulitupa majibu ya neno mojamoja: tamaa, kiburi, umaskini. Akayaandika yote, kisha akasema hizo ni mada tu. Hadithi inasema nini juu ya tamaa? Alitaka sentensi nzima, na sentensi hiyo ipite kwenye kila tukio kubwa bila kukwama.

Mmoja akasema: anayetamani makuu huangamia. Tukaipitisha kwenye dhifa, ikapita. Kwenye kupotea kwa mkufu ikakwama, kwa sababu mkufu ungeweza kumpotea mtu yeyote, hata asiye na makuu. Ndipo mvulana wa nyuma, mbishi wa kuzaliwa, akasimama kumtetea Mathilde. Nani alimwambia amwandikie Bi. Forestier barua kwamba kifungo cha mkufu kimevunjika na uko kwa fundi? Mumewe! Basi dhamira ni kwamba uongo mdogo wa kuficha aibu hugharimu kuliko aibu yenyewe. Hiyo ilipita karibu kila mahali. Mimi niliona, na bado naona, kwamba inamwonea mume, maana yule bwana alikuwa akitafuta siku chache tu za kuendelea kutafuta. Nikasema hivyo, tukazozana, na mwalimu akatuacha tuzozane. Nadhani aliona raha.

Mbishi alipozidiwa kwenye dhamira akahamia kwenye pesa. Bi. Forestier anadaiwa faranga 35,500, akasema, je, alizirudisha? Hadithi inaishia kabla ya hapo, mwalimu akajibu. Jibu halikumtosha. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha hesabu, naye kabla hajaketi akamwomba mwalimu wa hesabu ampigie na riba ya miaka 10.

"Asilimia ngapi kwa mwaka?" akaulizwa.

Akafungua karatasi zake na kuanza kutafuta mstari.