Kwa nini bado naandika alama kwa kalamu

Wageni wanaokuja kutazama mechi zetu za Jumamosi hunikuta nimeinamia daftari pembeni mwa uwanja, na swali lao ni lilelile: mama, siku hizi si kuna programu za simu za kuhesabia kriketi? Zipo, na ni nzuri. Kijana wa timu ya pili anayo, na hunisaidia kujumlisha haraka watu wakitaka kujua tumebakiza mikimbio mingapi, yaani alama za mchezo huu. Lakini daftari la klabu siliachi, na leo nataka kueleza sababu.

Mtunza alama haandiki jumla peke yake. Anaandika kila mpira. Kila mrushaji ana mstari wake, na kila ova ina kijumba chake chenye nafasi ya mipira sita. Mpira usiozaa kitu ni nukta. Mpigaji akikimbia mara moja, ni 1. Waidi, mpira uliorushwa mbali na mpigaji, ni msalaba mdogo, mpira haramu, uliorushwa kinyume cha sheria, ni duara, bai, mkimbio wa mpira uliopita bila kugusa gongo wala mwili, ni pembetatu iliyosimama, na legi-bai, mkimbio wa mpira uliogusa mwili wa mpigaji bila kugusa gongo, ni pembetatu iliyopinduliwa kichwa chini. Mrushaji akimaliza ova bila kutoa mkimbio hata mmoja, zile nukta sita naziunganisha kwa mistari zinakuwa herufi M. Akiangusha na wiketi humohumo, yaani akimtoa mpigaji mmoja, naziunganisha zinakuwa W. Nimeona wanaume wazima, jasho bado linawatiririka, wakija kuinama begani kwangu baada ya mechi ili tu waione W yao. Mmoja aliipapasa kwa kidole, akaenda zake bila kusema neno.

Na sikai peke yangu. Sheria za kriketi zinataka watunza alama wawili, na kwa desturi kila timu huleta wake. Tunakaa bega kwa bega, wapinzani wawili kwenye meza moja, na kila ova ikiisha tunalinganisha: wewe una ngapi? Mwamuzi akitoa ishara, tunainua mkono kumjibu kwamba tumeiona, na haruhusiwi kuendeleza mchezo kabla hatujajibu. Hilo nalipenda sana. Wachezaji kumi na watatu wamesimama uwanjani, na wawili tuliokaa kwenye viti tunasubiriwa.

Jumamosi iliyopita ndiyo iliyonifanya niandike haya. Tulicheza ova 40 kila upande. Sisi tulipiga kwanza tukaishia 141, si nyingi, ila pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja, ilikuwa nzito na mpira ulikuwa haunyanyuki. Wageni walienda taratibu mpaka ikabaki wiketi moja, mpira mmoja, mikimbio miwili ya kushinda. Mrushaji wetu ni kijana ambaye msimu huu ndiyo kwanza amepandishwa timu ya kwanza. Akarusha, mpigaji akaukosa, mpira ukampiga kwenye pedi, kinga ya mguu, na kuteleza pembeni. Wakakimbia mara moja, wakajaribu ya pili, wakarudishana. Alama zikawa sawa. Kelele zikalipuka pande zote, watu wakaanza kupeana mikono.

Mwamuzi hakutoa ishara ya legi-bai. Vijijini waamuzi wa kupangiwa ni wachache. Mara nyingi wachezaji wa timu inayopiga huvaa koti jeupe kwa zamu, na aliyekuwa zamu naye alikuwa kijana, ameshikwa na furaha ya timu yake. Kwa jumla ya mechi haikubadili kitu: ni 141 kwa 141, sare kamili. Ila bila ishara, mkimbio ule ungeandikwa kwa mpigaji, na mrushaji angebebeshwa. Legi-bai haihesabiwi kwa mrushaji. Waidi na mpira haramu zinahesabiwa kwake, bai na legi-bai hapana.

Mwenzangu wa timu ya wageni aliweka kalamu chini. Mimi nikaweka yangu. Hatukuinua mkono. Tukamtazama yule kijana mwamuzi mpaka akatugeukia, akakumbuka, akainua goti na kuligusa kwa mkono. Ndipo tukajibu, tukachora pembetatu zetu mbili, kila mmoja kwenye daftari lake. Mgeni yule hakuwa na faida yoyote katika jambo hilo. Mrushaji hakuwa wake. Namheshimu sana kwa dakika ile.

Kisha tukafunga hesabu. Mikimbio ya wapigaji wao 122, ziada isiyotoka kwenye gongo 19, jumla 141. Upande wa warushaji: 133 waliyotoa, bai 5, legi-bai 3, jumla 141. Hesabu mbili zilizopita njia tofauti zikikutana kwenye namba moja, mimi hupumua. Kijana wetu mrushaji alimaliza na ova 8, mbili kati yake bila mkimbio, mikimbio 19, wiketi 4.

Watu hudhani kriketi ya kijiji ni mabaki ya ile ya viwanja vikubwa, na historia inawakatalia. Klabu ya kijiji cha Hambledon, kusini mwa Uingereza, ndiyo iliyokutana mwaka 1771 na mpigaji aliyekuja na gongo pana kama wiketi yenyewe, yaani vile vijiti anavyolinda mpigaji. Wachezaji wake walikaa, wakaandika kwenye karatasi kwamba upana usizidi inchi nne na robo, wakatia sahihi. Kipimo hicho, sentimita 10.8, ndicho cha sheria mpaka leo, kwa bingwa wa dunia na kwa mtoto wetu wa timu ya tatu. Mwaka 1775 John Small wa klabu hiyohiyo alikuwa anapiga, mrushaji Stevens, waliyemwita Lumpy, akapitisha mpira mara tatu katikati ya vijiti vya wiketi bila kuiangusha, maana wakati ule vilikuwa viwili tu. Kijiti cha tatu kikaongezwa. Tunayajua hayo kwa sababu watu walioyaona waliona yanafaa kuandikwa.

Kabatini kwetu kuna madaftari ya misimu mingi, mengine kingo zimeliwa na mchwa. Natafuta vijana wawili wa kufundisha kazi hii, wasichana kwa wavulana. Jumamosi ijayo tuko nyumbani. Anayetaka aje na penseli na kifutio, nusu saa kabla ya kurusha sarafu, kwa sababu nahodha lazima akabidhi majina ya wachezaji kwa maandishi kabla sarafu haijarushwa, na hapo ndipo ukurasa mpya unapoanzia.