Wati za Kona Baridi

Binamu yangu wa Mombasa amejinunulia kipima nguvu cha baiskeli, na tangu hapo simu yangu haipumui. Akirudi tu kutoka Mtwapa ananitumia picha ya skrini: wati 240, dakika 20. "Dada, na wewe je?" Mimi 175, tena nikiwa nimekazana hadi masikio yanavuma. Alitamba hivyo mpaka alipokuja Nairobi mwezi wa nane, tukatoka pamoja alfajiri kupitia Lang'ata na Rongai, na wati zake zikamkimbia kabla hatujaiona Kiserian. Akasimama kando ya barabara kukikagua kifaa, eti kimeharibika kwenye basi.

Hakikuwa na ubovu wowote. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na pumzi moja ya hapa ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko pumzi ya Nyali, kule Mombasa. Kifaa kinapima kile unachotoa. Hewa uliyokosa hakiihesabu. Ndiyo maana nasisitiza: namba ya kupangia mazoezi ipimie hapa unapoendesha, usiazime ya mtu wa pwani wala ya Mzungu wa YouTube.

Jaribio lenyewe linajulikana. Unaendesha dakika 20 kwa nguvu zote unazoweza kuzidumisha, unachukua wastani, unazidisha kwa 0.95. Hiyo ndiyo makadirio ya nguvu unazoweza kushikilia kwa muda wa saa moja hivi. Kwangu inatoka 166. Shida ni kupata dakika 20 zisizo na tuta, taa, matatu inayoshusha abiria katikati ya barabara, au ng'ombe. Mimi naenda kuzitafuta upande wa pili wa Kona Baridi, pale juu ukishapita Kiserian: nateremka Barabara ya Magadi hadi karibu na Oltepesi, nageuza, naanza kupanda kurudi. Mlima hukupa kitu cha kusukuma, na magari huko si mengi.

Na ni mlima huohuo ulionifanya nikipende kifaa hiki. Upepo wa Kona Baridi si wa mchezo, hawakuweka mitambo ya umeme wa upepo juu ya vilima vya Ngong bure. Ukiupanda kwa kuangalia kasi, utajiona mzembe siku ya upepo wa usoni na bingwa siku ya upepo wa mgongoni. Ukiangalia mapigo ya moyo, yanachelewa: unaanza kwa pupa, moyo bado uko Oltepesi unakunywa chai, na unapokuja kupiga kelele miguu imeshaungua. Wati hazisubiri. Nikianza mlima nikaona 230, najua papo hapo nimekopa nguvu nisizo nazo, na nalegeza hadi 165 hata kama wenzangu wananipita wakicheka. Tunakutana juu.

Chris Froome, aliyezaliwa hapahapa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kibaiskeli na mwendeshaji mkongwe David Kinjah kule Kikuyu, alitaniwa sana Ulaya kwa kuinamia skrini ya usukani wakati anapanda. Waliomtania walimwona akishinda Tour de France mara nne. Nami nainamia tu.

Sasa, kununua. Mimi ni mpima ardhi, na hapo ndipo ninapoachana na wengi wanaobishana kuhusu usahihi. Tangazo litakwambia kosa ni asilimia 1, jingine 1.5. Asilimia moja ya wati zangu 175 haifiki wati mbili. Usiku mmoja wa kelele za jirani unaniibia zaidi ya hizo. Kazini, kifaa kinachokosea kwa kiasi kilekile kila siku nakijua, nakitolea hesabu, maisha yanaendelea. Kile kinachokosea juu leo na chini kesho ndicho kinachobomolesha ukuta wa mtu. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni kama kifaa kinarudia jibu lake.

Unaweza kukijaribu mwenyewe kama programu yake inaonyesha nguvu ya mzunguko (torque). Jaza mtungi wa maji, upime mpaka mtungi na maji yake viwe kilo 20, shika breki ya nyuma, weka mkono wa pedali ulale sawasawa na sakafu, ning'iniza mtungi kwenye pedali. Mkono ukiwa wa milimita 170, skrini inapaswa kusema karibu niuton-mita 33. Rudia wiki ijayo, asubuhi yenye baridi, kisha mchana wa jua. Mume wangu alinikuta uani na mtungi unaning'inia, akarudi ndani bila kuuliza.

Vifaa vyenyewe vinafanana kwa ndani: vihisi vyembamba vilivyogandishwa kwenye chuma vinasikia chuma kikipinda kidogo sana, na nguvu hiyo ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko unapata wati. Mjerumani Ulrich Schoberer ndiye aliyeanzisha SRM kwa kazi hii mwaka 1986, akaviweka kwenye kranki, ile mikono ya pedali pamoja na kitovu chake. Leo unaweza kuvipata kwenye pedali, kwenye mkono wa kushoto wa kranki peke yake, kwenye buibui (kile kipande kinachoshikilia gia za mbele), au kwenye habu, yaani kitovu, ya gurudumu la nyuma. Ya habu sikushauri: ukibadilisha gurudumu umeachana na namba zako.

Mkono wa kushoto ndio wa bei nafuu, na una hila moja. Unapima mguu mmoja halafu unazidisha kwa mbili. Tuseme unatoa wati 250, kushoto 120 na kulia 130. Skrini itasoma 240. Kama tofauti hiyo haibadiliki, sina ugomvi nayo. Lakini kwa wengine hubadilika wakichoka, na hapo tumerudi kwenye ule ukuta. Tena hakikisha mkono unaingiliana na ekseli ya kranki yako, na kuna nafasi ya kutosha kati yake na fremu.

Mimi nilichagua pedali, pande zote mbili, zile za kliti ndogo, vibanio vya kiatu vinavyozama kwenye soli. Nina baiskeli ya lami na nyingine ya kokoto ninayoendea msitu wa Karura, na kuhamisha pedali ni kazi ya ufunguo mmoja. Kila ukihamisha, weka sifuri upya, yaani kifundishe kifaa kusoma sifuri pedali zikiwa hazina mzigo, na uangalie urefu wa kranki kwenye programu. Ukiacha imeandikwa 175 wakati kranki ni 170, wati zako zimepanda kwa karibu asilimia 3 bila jasho. Naamini mabingwa wengi wa mtandaoni wamepatikana hivyo.

Sifuri nayo inataka subira. Usiweke sebuleni, toa baiskeli nje, chuma kizoee hewa. Nikienda Magadi naondoka kwenye baridi ya Kiserian nikiwa na jaketi na kuishia kwenye joto la bondeni, zaidi ya kilomita moja chini. Vifaa vingi vya sasa hujirekebisha kwa joto, lakini Olorgesailie nikisimama kunywa maji naweka sifuri tena. Ni sekunde chache.

Kwenye skrini, chagua wastani wa sekunde tatu, la sivyo namba zitarukaruka usizisome. Kabla ya mvua za Machi kagua vifuniko vya betri, na mwambie kijana wa kuosha asiielekeze mashine ya presha kwenye pedali. Vya betri bapa, CR2032 zinapatikana mtaa wa Luthuli mjini kwa bei ya chai na mandazi. Vya kuchaji, usisahau waya.

Bei ni kubwa, sifichi, na ikiagizwa nje ongeza ushuru na VAT ya asilimia 16. Kwa pesa hizo unapata baiskeli ya mtumba nzima. Kama minyororo yako inaruka na tairi limeota nyufa, anza huko. Binamu naye ananiuliza kama akinunua pedali kama zangu atafikisha 260. Nimemwambia aje Desemba, mtungi upo.