Picha Isiyokatika

Juzi fundi cherehani alinipima mabega, akapima tena, kisha akaniuliza kama niliwahi kuvunjika. La kulia limeshuka. Nikamwambia sijavunjika, hilo ni la harusi. Akacheka sana, akidhani nailalamikia ndoa yangu. Sikumsahihisha.

Kamera yenye lenzi ndefu, ile ya milimita 70 hadi 200, huweza kupita kilo 2, na wenzangu wapiga picha za harusi mnajua kamera ya pili hubaki ikining'inia ubavuni kutwa nzima. Tangu siku hiyo ya fundi nimekuwa nikiikumbuka harusi ya ngazi.

Asubuhi yake haina cha kusimulia. Chumba cha maandalizi kilikuwa na dirisha moja lenye mwanga wa maana, na mbele yake, kama kawaida, mtu alikuwa amepanga masanduku. Kazi yangu ya kwanza ikawa upagazi. Viapo vikasemwa, pete zikavaliwa, mtu wa video akanikanyaga, nami nikamkanyaga. Jua lilipoanza kulainika ndipo bibi harusi akanivuta pembeni.

"Kaka, nataka picha moja. Mama na baba wote wawepo."

Wazazi wake walikuwa wameachana zamani, na tangu hapo hakukuwa na picha hata moja inayowaonyesha pamoja. Alikwishawaomba. Kila mmoja alikubali, kwa sharti moja lililofanana neno kwa neno: asisimamishwe karibu na yule mwingine.

Mbele ya ukumbi palikuwa na ngazi pana. Mama nikamweka chini, ubavuni mwa binti yake. Baba nikampandisha ngazi ya tatu, nyuma yao, kama mita moja na nusu hivi. Mashangazi na wajomba wakajaza pande zote, watoto wakakaa mbele. Sharti limetimizwa, hakuna aliyemgusa mwenzake. Kisha nikaanza kurudi nyuma. Nikarudi, nikarudi, hadi mjomba mmoja akapaza sauti kuniuliza kama nimeghairi, naondoka zangu.

Watu husema lenzi ndefu huvuta watu wakakaribiana. Kinachofanya kazi hiyo ni umbali wa mpiga picha. Lenzi inakusaidia tu kujaza fremu kutoka huko uliko. Ukisimama mita 2 mbele ya mama, baba aliye mita moja na nusu nyuma yake anatoka mdogo, karibu nusu yake, na kila mtu ataliona pengo. Ukienda mita 20, wote wawili karibu wanalingana, na bega la huyu linalala juu ya kifua cha yule. Nikapunguza tundu la lenzi hadi f/8 ili nyuso zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zitoke bila ukungu, nikaacha shata kwenye 1/250 ya sekunde kwa kuwa mikono yangu nilikuwa naijua hali yake saa hiyo, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi pakatosha.

Shida ikabaki kimo. Nikisimama wima, sehemu ya ngazi iliyo tupu kati yao ilijitokeza, nyeupe kabisa, kama jino lililong'oka. Nikipiga goti, nywele za mama, ambazo msusi alikuwa amezijenga kwenda juu, zilimeza kidevu cha baba. Mahali pa sawa palikuwa katikati: magoti yamekunjwa nusu, kiuno kimening'inia hewani, kiwiko cha kushoto kimebanwa kwenye mbavu ili kamera itulie. Jaribu kukaa hivyo uone. Kwanza mapaja huwaka moto, halafu huanza kutetemeka, na mtetemeko hupanda taratibu kuelekea kwenye lenzi.

Kundi kubwa halina huruma. Lazima mmoja afumbe macho, mmoja amtafute mwanawe, mmoja aitikie simu. Jasho likaingia jicho la kulia, lile la kazi. Sikulifuta, kwa sababu nikishusha kamera tu, kundi huamini picha imekwisha na kutawanyika. Nikawa napiga wakati wa kutoa pumzi, pale mwili unapotulia kidogo. Baba alikuwa anatazama juu ya paa. Mama uso ulikuwa mkavu, wa picha ya kitambulisho.

Ndipo mtoto mmoja wa mbele, bila kuulizwa na yeyote, akanionyesha kidole akatangaza, "Yule mpiga picha anajisaidia!"

Walicheka wote. Mama alijikunja kwa kicheko, kichwa kikarudi nyuma na kuegemea upande; baba akainama mbele akishika tumbo, na kwenye kioo changu nyuso zao zikakutana, karibu shavu kwa shavu. Mita moja na nusu ilikuwa bado ipo. Wao hawakujua wanaonekanaje kutoka nilipo. Nikabonyeza na kubonyeza, kisha nikakaa chini kwenye vumbi na suruali yangu ya kazi, nikisubiri miguu irudi.

Nimeshabishana na nafsi yangu kuhusu picha ile. Kila kilichomo kilitokea: kicheko kilikuwa cha kweli, watu walikuwa wa kweli. Ule ukaribu tu ndio nilioutengeneza mimi, kwa mapaja yangu, tena kwa watu walioomba waziwazi wasiwekwe karibu. Bibi harusi alipoiona alilia. Siku nyingine hilo hunitosha, siku nyingine halinitoshi.

Baadaye akanipigia simu, sauti ya aibu. Mama ameipenda mno, hajawahi kutoka vizuri namna ile, anaitaka kubwa ya ukutani. Lakini je, baba anaweza kuondolewa? Na baba naye, kwa upande wake, ameulizia jambo hilohilo.

Nikaifungua, nikaikuza, nikahangaika nayo jioni nzima. Ukimkata baba, unaondoka na nywele za mama. Ukimkata mama, kifua cha baba kinabaki na shimo lenye umbo la bega. Nilikuwa nimewafungamanisha vizuri kupita kiasi. Nikamweleza.

Akanyamaza, halafu akaangua kicheko, kilekile cha mama yake.

"Basi chapa mbili. Kila mmoja avumilie."

Nikachapa mbili, nikazipima kwa rula kabla ya kuzifunga, ugomvi mwingine usije ukaanzia kwenye ukubwa.