Mskoti wangu wa Ujiji hajui kudanganya

Wanaosema kupendwa na kiumbe kisicho binadamu ni raha, eti unakuta hela chini ya mto na wivu wake unakukinga na wanaume wababaishaji, hao hawajawahi kuwa naye. Mimi ninaye. Hela haleti, chini ya mto nimewahi kukuta jani la mwembe na kijiwe cha ziwani, na hao wababaishaji amewafukuza kweli ila kawafukuza pamoja na wateja wangu.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi cherehani, nashona barazani kwa bibi yangu huku Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, vitenge zaidi, na sare za shule Januari ikikaribia. Na huyu bwana sio jini. Nilimuita jini mwanzoni akanuna mpaka jioni. Ni wale viumbe wa Uskoti na Ayalandi wanaoishi ndani ya vilima, wanapenda muziki na maziwa, na wengine inasemekana wanaiba mtoto mchanga wanaacha wa kwao kitandani (hilo nilimuuliza mapema kabisa kabla hata sijampa kiti, akasema yeye hajawahi, na kwa kuwa hawezi kusema uongo nikampa kiti). Wana masharti yao, chuma hawagusi, jina lao la kweli hawakupi, asante wengine wanaiona tusi, na binadamu akienda kwao akala chakula chao ndo basi tena, harudi.

Ujiji kafikaje? Kwenye mizigo ya Livingstone, yule mmisionari mvumbuzi. Livingstone si alikuwa Mskoti, basi kijana wangu (namuita kijana tu, miaka yake mwenyewe aliacha kuhesabu) akajichomeka kwenye furushi la vitambaa kwa udaku, mzee hana habari, akazungushwa nalo huko porini weee mpaka wakaingia Ujiji Machi 1869. Mpango ulikuwa aangalie angalie kidogo arudi zake. Sasa kufika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, mama mmoja akamuonea huruma, akampa ugali wa muhogo na dagaa wabichi waliokaangwa kwa mawese. Akala. Akaramba na vidole. Af alipotaka kuondoka miguu ikagoma, ikifika njia ya kwenda Tabora inageuka yenyewe. Kumbe lile sharti la chakula linashika hata wao wakila cha kwetu, ni vile tu hakuna aliyewahi kujaribu! Tangu hapo yupo, na kusema kweli sijawahi kuona mfungwa mwenye hamu ya kula namna hii.

Huwa anapenda kukaa pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, kivulini. Mwembe wenyewe, ule wanaosema Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871, ulishakufa, iliyopo sasa ni uzao wake. Nikamuuliza lile swali ambalo mtu yeyote angeuliza, hivi Stanley, yule mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, aliyasema kweli yale maneno ya kumsalimia yaliyojulikana dunia nzima, "Dr. Livingstone, I presume?" (Daktari Livingstone, nadhani?), maana kurasa za shajara yake za siku ile zilichanwa na wasomi wanabishana mpaka kesho. Nina shahidi hapa, alikuwepo, hawezi kudanganya. Akafikiri. Akasema, "Sikusikiliza. Nilikuwa nakula."

Kuna mambo mengine ya miaka ile aliyaona vizuri sana, misafara ya watumwa na pembe za ndovu ikipita njia hii hii tunayopita sisi na bodaboda. Hilo nalo niliuliza. Alijibu. Sijarudia.

Habari ya chuma sasa. Reli ilipofika Kigoma 1914 anasema kichwa kilimuuma mpaka watu walipoizoea, yeye hajaizoea. Halafu ikaja meli, Liemba hii tunayoijua wote, Wajerumani waliiunda kwao 1913 ikaletwa vipande vipande, vita ilipowabana wakaizamisha wenyewe 1916 isichukuliwe na adui, Waingereza wakaja kuiibua 1924. Miaka 8 chuma chote kile kimelala chini ya maji, na yeye anaapa ziwa zima lilikuwa na ladha ya msumari na dagaa wa kipindi hicho hataki hata kuwakumbuka.

Mtu wa hivyo ndo akaenda kumpenda fundi cherehani. Yaani angalia kazi yangu, cherehani chuma, mkasi chuma, pasi ya mkaa chuma tupu, sindano, pini. Nikifunga kazi nanawa mpaka viwiko na bado akinishika mkono anashtuka, "kuna pini", namwambia hamna, anasema ipo, nakagua, naikuta imejificha kwenye pindo la kitenge nilichovaa. Juu ya kidole gumba ana alama ndogo nyekundu, imetulia tu kama chunusi, aliipata siku aliyonisaidia kuokota kibobini kilichoanguka. Alikiokota kwa kuwa alikuwa hajajua ni chuma na baada ya hapo anaokota na jani. Ndani hawezi kuingia, bati juu, misumari kila mahali. Bodaboda hapandi. Sufuria angalau hizi nyeupe hazimdhuru kwa hiyo kula anakula, na wala hilo halikuwa na wasiwasi.

Mtoko wetu basi ni kutembea, au mtumbwi wa gogo usio na msumari hata mmoja, na kuupata siku hizi sio mchezo. Mbalamwezi ndo anachangamka, anang'aa masikio, anataka tukacheze ufukweni. Lakini mbalamwezi ndo siku wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa zao hazivuti samaki mwezi ukiwa mkali, kwa hiyo mwaloni kumejaa wanaume wamekaa wanatengeneza nyavu na kuangalia nani anatembea na nani. Zikija siku za giza, taa zimejipanga ziwani mpaka basi, ufukwe mtupu, pazuri hapo kwa wapendanao, yeye ana usingizi. Nimeshakubali.

Hayo yote yanavumilika jamani. Lisilovumilika ni huku kutojua kudanganya.

Kazi ya ufundi inaendeshwa na "njoo kesho", fundi mwenzangu anayesoma hapa asijifanye mtakatifu. Kuna mama aliniletea vitenge vya sare ya harusi ya binti yake, akaja kuulizia, nikamwambia kwa sauti yangu ile ya upole, mama yangu, zimebaki vifungo tu, njoo kesho. Mskoti kakaa zake kwenye jamvi pembeni. "Hajakata hata moja," akasema. "Vitambaa viko chini ya ule mfuko. Juzi paka alilala juu yake." Yule mama hakugomba, bora angegomba, alinyanyua mfuko polepole akaangalia manyoya. Siku nyingine dada wa watu kajaribu gauni, anajigeuza kwenye kioo, nimependeza? Mi nshasema umetisha dada, umetoka! Yeye: "Mgongoni limekubana, na hiyo rangi inakufanya kama una homa." Kumbe kweli lilimbana, nililipunguza kupita kiasi, ila si ungeniambia pembeni!

Tangu hapo nikaanza kujisikiliza ninavyoongea. Nina malaria inanitetemesha, habari za asubuhi? Nzuri. Niko bafuni, uko wapi? Niko njiani, nakaribia. Nina samaki mmoja kwenye sahani na mgeni katokea, karibu chakula, huku moyoni unaomba aseme ameshiba, na yeye aliye na njaa anasema nimeshiba. Yaani siku nzima mtu unatembea na hivi vitu mdomoni. Mskoti ukimuuliza habari za leo anakaa chini anakupa habari za leo. Jirani yetu alimsalimia hivyo tu akiwa anapita na ndoo kichwani, aliishia kuitua.

Tulibishana sana juu ya hili. Mimi namwambia ule sio uongo bana, ni kumpa mwenzio njia apite. Akaniuliza, sasa mnajuaje kama mtu anaumwa kweli? Nikamwambia unamsikia sauti, unamwangalia macho, "nzuri" ziko nyingi. Akakaa na hilo kwa muda mrefu, af jioni nikamkuta anawasikiliza watu wanaopita barabarani wakisalimiana, anahesabu kwa vidole zipi za kweli. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Bibi ndo alikuwa mtihani. Kwanza alishanipeleka kwa shehe mmoja mtu mzima kabla hata ya kumuona, akijua ni jini mahaba. Shehe akasoma, akasoma, akanyamaza, akauliza linatoka wapi hili? Nikamwambia Uskoti. Akavua miwani. Akasema yeye amezoea wa baharini, wa ziwani na wa mibuyuni, huyu wa Uskoti apewe muda. Tukanywa kahawa tukarudi.

Basi siku bibi alipomkubalia kuja kujitambulisha, bibi yuko kwenye mkeka anachambua dagaa, kijana kasimama mbele yake, sura ya miaka 28. Bibi anasubiri shikamoo. Na yeye anasubiri shikamoo! Sio kiburi, alimuona bibi akiwa mgongoni kwa mama yake, na huyo mama naye alimuona akiwa mgongoni. Kimya. Namkanyaga mguu, wapi. Mwishowe bibi akatoa lile "marahaba" la kumkomesha mtoto asiye na adabu, bila kuamkiwa. Na yeye akajibu kwa heshima zote, "Marahaba, mjukuu wangu." Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi aliweka ungo chini, akamtazama hasa, halafu badala ya kumtimua akamuuliza, kama wewe mkubwa niambie mama yangu alikuwa anauza nini pale mwaloni. Akamwambia. Mawese, kwenye kibuyu chenye ufa ulioshonwa kwa uzi, na alikuwa akipunja kipimo akiwa na hasira na mumewe. Bibi akacheka yake yote, machozi yakamtoka, akasema hajawahi kumhadithia mtu habari ya kibuyu kile. Siku hizi wanasalimiana kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, yaishe, na wazee wa mtaa wakigombania mpaka wa shamba la michikichi wanakuja kumuulizia barazani kwangu, hawashoni chochote, wanajaza tu.

Shida iliyobaki ni washenga. Bibi anasema hamtoi mtu bila washenga. Mskoti ndugu zake wote wako huko kwenye vilima, reli na meli zote chuma, ndege ndo usiseme. Anayemjua huku ni mzimu wa Kabogo, ile milima ya kusini ambayo wasafiri wa zamani wakipita walitupa shanga ziwani wafike salama. Anasema wanaheshimiana, yuko tayari kumuomba asimamie. Bibi kauliza maswali mawili tu, anakula nini, na atakaa wapi maana mkeka ni mmoja.

Sasa kuna swali ambalo mimi nilikuwa silisogelei kabisa. Mwanaume wa kawaida unamuuliza unanipenda, anasema sana, mnaendelea na maisha. Huyu akijibu amejibu. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulipofungwa, Mei 15 mpaka Agosti 15, dagaa wabichi hakuna, bei ya wakavu imepaa, nilikuwa nawaza kimoyomoyo, haya, kilichomshika Ujiji ni dagaa, dagaa hamna, kesho nitakuta jamvi tupu. Nikawa naamka mapema kuchungulia. Yupo. Amekonda, amenuna, anakula maharage na kunung'unika kwa lugha ya kwao, yupo.

Juzi nimekaa natunga uzi kwenye sindano, hautungiki, nikajikuta nimeuliza bila kumtazama. Akasema, "Dagaa wako Rumonge. Wako Kalemie. Wako mpaka Mpulungu huko Zambia. Ziwa hili lote naweza kulizunguka, kinachogoma ni njia ya kwenda nyumbani tu. Sasa wewe unafikiri nakaa hapa, pembeni ya hilo lidude la chuma linaloniwasha ngozi kutwa nzima, kwa ajili ya dagaa?"

Nikamwambia asante. Akanuna, nilisahau sharti. Nikamkaangia dagaa.

Zile sare za harusi zimebaki vifungo tu, safari hii kweli kasoro mbili ambazo bado sijakata. Yule mama akikutana na mmoja wenu kabla ya Ijumaa mwambieni ziko tayari, mimi hapa nina mtu hawezi.