Injini ya Dar imegoma Mbeya

Jamani nimekaa wiki mbili nalaumu plagi bure. Nilinunua injini ya ndege ya rimoti, saizi ya 46 (kama cc 7.5), kwa jamaa wa Dar aliyeniapia kwamba imeshatuniwa, we washa tu. Na kule ilikuwa inaruka kweli, video nimeiona. Kuileta huku Uyole, asubuhi na lile baridi la mwezi wa saba, inawaka vizuri ila ukiipa resi inaguna, inatoa moshi mweupe, oili inachuruzika mpaka kwenye bawa na ndege inaburuzika kwenye majani haina hata dalili ya kunyanyuka.

Hizi injini hazina cheche kama pikipiki. Plagi ina kiwaya chembamba cha platinamu, unakipasha na betri ya volti 1.5, ikishawaka unatoa betri na kiwaya kinabaki chekundu chenyewe kwa moto wa ndani na kwa sababu methanoli, ambayo ndiyo mafuta yake, ikigusa platinamu joto linatokea. Sasa mafuta yakizidi kiwaya kinapoa, mi nikaona kinapoa nikasema plagi mbovu, nikabadilisha tatu, na plagi zenyewe unaagiza zije na basi.

Aliyenifumbua macho ni fundi bodaboda aliyesimama kushangaa, hajawahi kuona kitu kama hiki maishani. Akasikiliza kidogo tu. "Dogo, hiyo inakunywa mafuta kuliko hewa, husikii inavyokoroma?"

Nikajiona boya. Dar ni usawa wa bahari, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, hewa imepungua kama asilimia 15 hivi, na kabureta haijui kama umehama mkoa, inamwaga mafuta yale yale.

Basi tukaanza upya. Injini ipate moto kwanza, fundi akashika mkia, mi nikakaa nyuma ya propela (mbele usikae, ile ni panga), resi mpaka mwisho, naifunga sindano (ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta) tiki moja, nasubiri sekunde chache, tiki nyingine. Mkoromo ukaanza kukatika katika halafu ghafla ikalia sauti moja nyembamba kama nyuki aliyekasirika, fundi akacheka mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanaiacha pale pale kwenye kilele, we rudisha tiki mbili tatu kwa kufungua maana hewani ikikosa mafuta inachemka na oili ndiyo imo humo humo kwenye mafuta. Kisha tukainua pua juu ikiwa resi: ikiongeza mlio kidogo iko poa, ikififia umefunga mno. Sailensi, yaani injini ikizunguka taratibu bila resi, ina skrubu yake, hiyo nimeigusa mwisho, ukianza nayo unazunguka tu.

Nguvu zote za Dar hazikurudi, hewa ndiyo hiyo hiyo, ila imeruka. Na saa sita jua likiwaka naigusa tena kidogo, haifanani na asubuhi.

Mwezi wa kumi na mbili naipeleka Dar kwa shemeji. Nimeshaandika kwa makapeni ubavuni: FUNGUA SINDANO KWANZA, maana namjua, atawasha kabla hata sijashusha begi.